Dawa Iliyorudishwa Mtoni

"Tembea," alisema muuguzi, infirmier Léon, akionyesha kwa kidole ufa mrefu uliokata saruji ya veranda ya dispensari. "Fuata huu mustari. Mguu mbele ya mguu. Polepole."

Octave akaitazama foleni, na foleni nayo ikamtazama. Nusu ya watu wale walitoka mtaa wake mwenyewe, kule kwa wavuvi wa Wagenia, na walimjua vizuri. Mwanamume aliyezoea kupita mbio juu ya miti iliyolowa, maporomoko yakinguruma chini ya nyayo zake, leo anaambiwa atembee juu ya saruji kama mtoto anayesimama dede! Lakini alikuwa amekuja, na aliyekuja kwa mganga hachagui. Akatembea. Alipofika katikati akayumba, akaushika ukuta.

"Yoo! Asubui namna hii, tena amekwisha kulewa?" akauliza mama mmoja mwenye furushi la majani ya pondu, tena bila hata kupunguza sauti.

Gertrude, mkewe Octave, akageuka kama aliyechomwa na mwiba. "Mama, bwana yangu hakukunywa masanga. Ni dawa."

"Dawa ya nini?"

Kifafa si neno la kutupia watu kwenye foleni. Gertrude akamshika mumewe mkono, wakaingia ndani nyuma ya Léon.

Léon alikuwa mtu mnene, mwenye miwani, asiyependa kurudia maneno. Akamfunua Octave macho, akamtazama ngozi ya kifua na mgongo, akauliza kama kuna mahali panawasha. Kisha akamwacha mume, akamgeukia mke. Alijua ukweli wa mgonjwa huwa kwa nani.

"Analalaka namna gani?"

"Kama gogo. Mchana pia. Jana alisinzia na tonge la lituma mkononi."

"Ameanguka tena?"

"Hapana, munganga. Tangu alianza hii Gardenali hajaanguka hata mara moja."

"Bon. Dawa inafanya kazi, lakini imezidi. Ile ya asubui naitoa. Anabaki na ya jioni peke yake, na utaona atapata nguvu." Akavua miwani. "Sasa musikie wote wawili. Hii dawa haiachwi. Akijisikia muzuri, haiachwi. Akijisikia mubaya, munakuja kwangu kwanza. Mukiikata kwa ghafula, ugonjwa utarudi na hasira. Na pombe ya lotoko asiguse."

Octave alikuwa akikubali kila kitu kwa kichwa, kama watu wanavyofanya kanisani padri akirefusha. Alikuwa na swali moja tu, na ndilo lililomtoa nyumbani.

"Na miti, munganga?"

"Miti gani?"

"Ya mutego. Kule kwetu, mtoni. Naweza kupanda?"

"Bado."

"Maji yameanza kushuka."

"Yashuke," alisema Léon. "Miye nimesema bado."

*

Asiyeijua miti ile hawezi kuelewa neno "bado" lilivyomchoma Octave. Wavuvi wa kwao husimika magogo katikati ya mawe, pale maji yanapochemka, wakayafunga kwa kamba za msituni, na kwenye magogo hayo wakaning'iniza migono mikubwa, mitego ya samaki ya kusukwa, ambamo mtu mzima anaweza kuingia akalala. Kila nyumba ina fasi yake, mahali pake pa kutegea palipoachwa na babu. Na katika ukoo wa Octave kulikuwa na sheria moja isiyo na huruma: nyumba ikipitisha misimu miwili bila kuweka mgono, fasi yake inapewa nyumba nyingine. Msimu uliopita Octave alikuwa mkekani, ulimi umeng'atwa, na fasi ilikaa tupu. Msimu huu ndio uliobaki.

Vidonge vya asubuhi vilipoondolewa, Octave akafufuka. Akaanza kula, akaanza kutania, akamrusha binti yake Claire juu na kumdaka mpaka mtoto akapata kwikwi. Jioni alimeza kidonge chake, akalala, akaamka. Hakuanguka. Gertrude alipokuwa akipanga samaki juu ya uchanja alijikuta anaimba wimbo wa kwaya, na alipogundua kwamba anaimba, akaendelea. Furaha ilikuwa imerudi nyumbani, na ya nini kuikataa?

Jambo moja tu lilimkera: kikombe. Octave alikuwa na kikombe chake cha bati, chenye rangi ya buluu, kilichotundikwa peke yake kwenye msumari nje ya jiko. Aliyekitundika ni shangazi Nyota. Huyu ndiye aliyemlea Octave tangu mama yake alipokufa, na alimpenda kuliko roho yake, lakini aliogopa povu. Watu wote waliogopa povu la kifafa. Walisema likikugusa nawe utaanguka. Basi shangazi alimpikia Octave samaki mnono kuliko wote, akamwekea sahani chini, akasogea nyuma ndipo akamwita.

Ni shangazi huyo huyo aliyeleta habari ya kurudisha dawa.

"Mutoto wangu amepona," alisema jioni moja, ameketi kwenye kigoda, anapara samaki aitwaye mboto. "Sasa ile dawa ingali inafanya nini ndani ya nyumba?"

"Anaikunywa, shangazi," Gertrude akajibu.

"Ya ugonjwa gani? Ugonjwa si umekwenda? Ee, mama, weye umezaliwa hapa hapa Wagenia, usijifanye mugeni. Dawa ya ugonjwa uliopona inarudishwa mtoni. Ukiiweka nyumbani, unauita ugonjwa: njoo, chakula chako kiko tayari."

Gertrude aliijua desturi hiyo. Hata Claire alipopona homa, majani yaliyobaki walikwenda kuyatupa kwenye maji makali, yateremke na homa yake. "Lakini munganga Léon alisema haiachwi."

"Huyo Léon ni mutu wa wapi?"

"Wa Yanonge."

"Ah!" Shangazi akacheka mpaka magamba yakamrukia mashavuni. "Mutu wa Yanonge! Kule mto unalala usingizi. Anajua nini juu ya maji yetu?"

Gertrude angeweza kubishana na shangazi mpaka mboto aoze. Kilichomshinda ni maneno ya tonton Henri, mkubwa wa ukoo, aliyepita kesho yake akapewa kiti na kahawa. Octave alimwomba ruhusa ya kupanda siku ya kufunga miti. Tonton Henri akanywa kahawa taratibu, akapangusa mdomo.

"Miye sina ubaya na weye, Octave. Lakini mutu iko na dawa nyumbani, iko mugonjwa. Mugonjwa hapandi miti yangu. Dawa ikirudi mtoni, alors, weye muzima, panda."

Léon alisema asipande, dawa asiache. Tonton alisema aache dawa, ndipo apande. Octave akamtazama mkewe. Gertrude alifungua kinywa kusema, na mbele ya macho yake akaiona fasi yao kati ya mawe, na mgono wa watu wengine umening'inia hapo. Akafunga kinywa. Naye aliitaka fasi ile, tusimsingizie utakatifu.

*

Walirudisha dawa alasiri ya Jumapili, baada ya misa, wamevaa vizuri. Gertrude mwenyewe ndiye aliyebeba kopo la vidonge. Ukoo ulisimama juu ya mawe, tonton Henri akasema maneno machache yaliyomezwa na ngurumo, na Octave akamimina. Vidonge vyeupe vikacheza kidogo juu ya maji, kisha hapakuwa na kitu. Watu wakapiga vigelegele. Kulikuwa na liboke, samaki waliookwa ndani ya majani, na chupa ya lotoko ikizunguka, na ilipomfikia Octave akaitazama, akanywa. Shangazi Nyota alicheza ngoma kwa goti lake bovu. Siku yenyewe ilikuwa nzuri, Mungu atusamehe, ilikuwa nzuri kweli.

Siku mbili zilizofuata Octave aliwakejeli waganga wote wa Bulamatari, yaani wa serikali. Kisha usingizi ukamkimbia. Akawa anatokwa jasho asubuhi, mikono ikimtetemeka anaposhika kamba, na Claire akidondosha kijiko anamfokea kama amevunja nyumba.

"Papa Claire," Gertrude akamwambia, "twende kwa munganga. Hali yako siioni vizuri."

"Twende tumuambie nini? Kwamba tumetupa dawa yake? Miti ni kesho kutwa. Nikishapanda, tutakwenda."

"Na kama..."

"Mama Claire! Usiite ugonjwa."

Gertrude hakuita. Lakini asubuhi ile ya kufunga miti alimfuata mpaka kwenye mawe, akajifanya ana samaki wa kugeuza kwenye uchanja ulio karibu, ambao kwa kweli haukuwa na samaki.

Wanaume walikuwa wamekwisha kusimika magogo. Édouard, mdogo wake Octave, alikuwa tayari juu, amekalia mti kwa mapaja, anangoja kamba. Octave alijitupia kamba begani, akavuka jiwe la kwanza, akavuka la pili. Mbele yake palikuwa na mti wa kupandia, na chini ya mti maji. Akasimama. Gertrude aliuona mgongo wake umekakamaa, na kabla hajapiga kelele, Octave alianguka chali juu ya jiwe, miguu ikipigapiga ukingoni.

Wanaume wale, ambao mto hauwatishi, walirudi nyuma wote.

"Musimuguse! Povu! Povu inatoka!"

Gertrude alikuwa akikimbia, lakini mtu mwingine alimpita. Shangazi Nyota, mwenye goti bovu, aliruka mawe kama mbuzi, akajitupa chini, akamshika Octave kwapani, akamvuta mbali na maji. Povu lilimpaka mikono, likampaka kikwembe. Alikuwa akilia kwa sauti: "Mutoto wangu! Mutoto wangu nimemuua miye!"

"Mulalishe ubavu, shangazi! Ubavu!" Gertrude alifika, akamsaidia kumgeuza, akakunja kitambaa chake cha kichwa akakiweka chini ya kichwa cha mumewe. Mtu mmoja alinyoosha kijiti kutoka mbali, akisema wamtie kati ya meno. Gertrude akakipiga kikaenda na maji. "Hakuna kitu mudomoni! Léon alikataza!" Kisha wakangoja, wanawake wawili na mwanamume mmoja anayetikisika, na ukoo mzima umesimama mbali. Mwili ulipotulia na pumzi ikarudi ndefu, Édouard aliteremka kutoka juu, akaja kuchuchumaa karibu nao, kwa haya.

*

Kwenda kumwambia mtu kwamba ulitupa alichokupa ni kazi. Gertrude alipanga maneno njia nzima, na walipofika mbele ya Léon yote yakapotea. Octave, kichwa kinamuuma na ulimi umevimba, alitazama sakafu. Aliyesema ni shangazi Nyota, ambaye hakuna aliyemwalika.

"Ni miye. Dawa yako tumerudisha mtoni. Unitukane miye, papa, usitukane batoto."

Léon hakutukana. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaifuta tena. "Mtoni," alisema mwishowe. "Ili iponye samaki?"

Shangazi akafungua fundo la kikwembe, akatoa yai moja lililopona safari, akaliweka mezani. "Tunaomba ingine. Na kama moja inamulinda, si umupe tatu kila jioni, arudishe zile alikosa?"

"Hapana, mama! Usifanye vile hata siku moja. Zilizopotea zimepotea. Ukimupa tatu atalala, na anaweza asiamuke." Kisha akapunguza sauti. "Sikia. Dawa haijaondoa ugonjwa. Inaushika tu, wakati iko ndani ya mwili. Mwili umekwisha kuizoea. Siku ya kupunguza ikifika, kama itafika, ni daktari atasema, na tutapunguza kidogo kidogo, mwezi kwa mwezi."

Octave aliinua kichwa kwa mara ya kwanza. "Donc ni kama kamba ya miti yetu."

"Namna gani?"

"Kamba ikizeeka, haukati. Ukikata, muti unakwenda na weye unakwenda. Unafunga mupya kwanza, unajaribu uzito, ndipo unalegeza ya zamani." Akajipiga paja. "Miye mwenyewe nafundishaka vijana! Na nimekata!"

Akaanza kucheka, ulimi wake mzito ukamfanya acheke vibaya, na Gertrude naye akacheka huku machozi yanamtoka, maana alikuwa amebeba hofu ile tangu Jumapili na hakuwa na mahali pa kuiweka.

Léon alikwenda kuzungumza na daktari chumba cha pili, akarudi na vidonge vya majuma machache tu. "Munarudi kabla havijaisha. Nitatazama macho, ngozi, na kutembea. Na atatembea pale pale kwenye veranda, foleni itazame ikitaka. Na mtoni asiingie peke yake. Miti, miye nimekwisha kusema."

*

Basi fasi ilikuwa imekwenda. Ndivyo watu walivyosema, na tonton Henri aliwaita wote kwenye mawe ili aigawe. Octave hakutaka kwenda. Gertrude alimwambia: kama ni kunyang'anywa, tunyang'anywe tukiwa wima.

Tangu waliporudi kwa Léon, Octave alikuwa ameketi nyuma ya nyumba anasuka. Mikono yake ilikuwa imetulia, na hasira yake yote aliisukia humo. Mgono uliotoka hapo ulikuwa mkubwa, umebana, mdomo wake mpana kama mlango wa kanisa. Asubuhi ile Gertrude na shangazi waliubeba wawili, wakauweka chini mbele ya tonton Henri, mbele ya wanaume wote. Wanawake hawabebi migono. Mtu mmoja akaguna.

"Tonton," Gertrude alisema, "naomba kuuliza. Sheria inasema nyumba isipopanda, au nyumba isipoweka mgono?"

Tonton Henri alikuwa mtu mgumu lakini hakuwa mwongo. "Isipoweka mgono."

"Mgono ni huu. Ni mume wangu ameusuka."

"Na nani ataupandisha? Weye?"

Kicheko kikapita. Gertrude aliona Octave ameinamisha kichwa, na akajuta kuja. Ndipo Édouard akasogea mbele.

"Nitaupandisha miye. Kusuka sijui, tonton, unajua vile migono yangu inatapikaka samaki." Hapo watu wakacheka kicheko kingine, kisicho na sumu. "Yaya Octave atasuka, miye nitapanda. Samaki tutagawana. Na siku ile miye nilibaki juu ya muti kwa woga. Shangazi mwenye goti bovu alinishinda."

Tonton Henri aliuzunguka mgono, akaubonyeza kwa dole gumba, akaingiza kichwa ndani kabisa, na sauti yake ikatoka humo ikivuma. "Huu umesukwa na mugonjwa?"

"Umesukwa na mutu anayekunywa dawa," shangazi Nyota akamjibu. "Weye unakunywaka kahawa, nani alikuita mugonjwa?"

Mzee akatoka mgononi, nyuzi za kamba zimemnasa kwenye mvi. "Ufungwe," alisema. "Na Octave anisukie na miye mumoja."

*

Samaki wa kwanza kutoka mgono ule alikuwa kapiteni mnono, na hawakumla. Walimfunga kwa majani, wakampeleka dispensari. Octave aliufuata ufa wa veranda kutoka mwanzo mpaka mwisho bila kushika ukuta, na mtu mmoja kwenye foleni akampigia makofi, kwa dhihaka au kwa moyo, Octave hakujali.

"Kwetu samaki anapewa munganga siku ya kumaliza dawa," Léon alisema, akimpima kapiteni kwa macho. Watu wa Yanonge nao wana desturi zao. "Munamaliza tena?"

"Hapana," alisema Octave. "Hii ni ya kuendelea."

Lakini shangazi Nyota hakuwa mtu wa kuacha desturi hivi hivi. Kama dawa hairudi mtoni, kitu fulani kitarudi. Kwa hiyo kila jioni, jua likianza kushuka upande wa Lubunga, alikitoa kikombe cha buluu msumarini, akakijaza, akamletea Octave na kidonge chake, akasimama kumtazama mpaka koo lipande na kushuka. "Fungua," alimwambia, mtu mzima mwenye mtoto, na Octave akafungua kinywa. Maji yaliyobaki aliyachukua mpaka ukingoni mwa mto, akayamwaga. "Nenda," aliuambia ugonjwa. "Kidogo kidogo, kama vile munganga anapenda."

Miezi ikaenda hivyo, bila kuanguka. Mgono ukavuta, uchanja wa Gertrude ukajaa samaki wa kweli, na watu wa nyumba nyingine wakaanza kuja nyuma ya nyumba kuagiza migono kwa Octave.

Jioni moja ya joto kali shangazi alikuwa ameshinda sokoni, jasho linamchuruzika, goti linamuuma. Octave alimeza, akafungua kinywa, akafunga, akampa kikombe. Kilikuwa nusu. Shangazi akapiga hatua kuelekea mtoni, akasimama. Akatazama umbali wa mawe. Akatazama maji ndani ya kikombe.

Gertrude, aliyekuwa akipuliza moto, aliacha kupuliza.

Shangazi Nyota akakiinua kikombe, akanywa mpaka tone la mwisho, akajipangusa mdomo kwa nyuma ya mkono. Kisha akaona wote wawili wanamtazama.

"Munatazama nini?" alisema. "Mto iko na maji yake."

Akakisuuza kikombe, akaingia nacho jikoni, akakipanga pamoja na vingine.